Samaki wa Muzungu katika Mto Kahunga

Kwenye kilio cha Mama Neema nilienda kwa aibu, si kwa mapendo. Nisingeenda, watu wa Nyamitaba wanaoishi hapa Goma wangeuliza sababu, na mimi sipendi kuulizwa. Nilifika siku ya pili, nikapewa kiti cha plastiki chini ya bashi, turubai la bluu, nikaletewa sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo yenye mawese mengi. Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wanamenya ndizi, na wanawake wanaomenya ndizi hudhani aliyewapa mgongo ni kiziwi. "Njo huyu mama mwenye aliua mto kule Nyamitaba," mmoja alisema. "Muntu alikufa sababu yake. Kaka ya huyu Mama Sifa mwenye iko anakula hapa." Mwenzake akamkatiza: "Wacha basi, muntu amekwisha kufa." "Amekufa, lakini ile maneno haikukufa." Nilisikia yote. Sikugeuka. Nilikula sombe yangu nikaimaliza, na vidole nikaramba. Baadaye Neema, binti wa marehemu, alikuja akainama mbele yangu kwa heshima, akasema, "Mama Sifa, weye na mama mulikuwaka majirani. Siku ya kumaliza kilio, utatuambia neno moja juu yake?" Nilimjibu kwamba koo linaniuma. Koo halikuniuma hata kidogo.

Nani alinizaa na babu yangu alitoka kilima gani, hayo hayamhusu mtu. Nataka kusema mwaka mmoja tu, mwaka wa vita nilipokuwa na miaka kumi na tisa na nikiitwa Sifa tu, nikiishi na kaka yangu Bauma katika nyumba ya mbao juu ya mto Kahunga. Nasema mto, lakini mahali pengi ungeweza kuuruka kwa hatua moja bila kulowesha kanga. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Chumba changu kilinuka moshi na viazi. Cha Bauma kilinuka manyoya. Kwenye ukuta alikuwa ametundika mfuko wa unga wa zamani, na ndani yake kulijaa manyoya ya shingo ya jogoo, mekundu, meusi, ya rangi ya kutu. Jogoo wetu wote walitembea shingo uchi, na watoto wa jirani walikuwa wanawacheka. Bauma alichukua ndoano ndogo kuliko kucha ya mtoto, akaifunga nyoya kwa uzi aliouchomoa kwenye gunia, akaikaza na kuikata, mpaka ukaona mdudu aliyetua. Babu ndiye aliyemfundisha, naye alifundishwa na mzungu mwenye shamba la ng'ombe, yule aliyeleta samaki wale ndani ya mapipa kabla ya uhuru, akawamwaga Kahunga ili apate kitu cha kuvua siku ya Mungu, Jumapili. Mzungu alienda. Ng'ombe wake waliliwa na vita, mmoja mmoja. Samaki walibaki, wembamba, wenye madoadoa meusi na mekundu ubavuni, na sisi tuliwaita samaki wa muzungu.

Wale samaki hawakamatwi na mtu mwenye haraka. Unapanda ukifuata mto kutoka chini, kwa sababu samaki anaelekeza kichwa kule maji yanakotoka na hakuoni ukija nyuma yake. Unapiga magoti kwenye majani yenye umande. Kivuli chako kikigusa maji, rudi nyumbani ukapike. Fimbo ilikuwa ya mwanzi, kamba ya nailoni, na nyoya lilipaswa kuanguka juu kidogo ya mahali samaki alipo, lishuke na maji lenyewe, kama kitu ambacho hakijatumwa na mtu. Bauma alikuwa akinifanyia mazoezi uani, bila maji, nikirusha nyoya ndani ya sufuria. Alinifundisha kwa siri. Kwetu mwanamke alishika kitunga. Fimbo ilikuwa ya mwanaume, na wazee walisema mwanamke akirusha ndoano mto unakauka. Mimi nilikuwa nacheka maneno hayo. Leo sicheki.

Kwenye nyumba ya yule mzungu, ile ya mawe yenye bomba la moshi, mwaka ule alikuwa amekaa komanda mmoja na askari wake. Sitamtaja jina, alikuwa na majina matatu na yote ya uongo. Huyo mtu alikuwa na vidonda vya tumbo. Maharagwe yalimtesa, nyama ilimtesa, pilipili usiseme. Siku moja mpishi wake, Papa Zakari, mzee wa kijiji chetu waliyemchukua kwa nguvu, alimpikia samaki wawili wa Bauma kwa maji na chumvi. Komanda alikula, akalala bila kupiga kelele. Kuanzia hapo tulitakiwa kupeleka samaki wawili kila asubuhi, na askari wote wakapewa amri: huyu ni mwenye samaki, asiguswe. Nanyi mjue amri ile ilikuwa na thamani gani. Kila wiki askari walipita vilimani wakikamata wanaume kwa salongo, kazi ya lazima, wawabebee mizigo kuteremka Walikale, kwenye mashimo ya madini. Walienda, na huwezi kunionyesha hata watano waliorudi. Bauma alibaki nyumbani kwa sababu ya samaki wawili. Siku samaki watakapokosekana, Bauma atabeba. Hilo nililijua nikiamka na nikila.

Na kijiji kilijua. Ee, kilijua! Nikienda kuchota maji, wanawake waliokuwa kwenye chemchemi walinyamaza wote, bido zao za maji zikijaa na kumwagika. Mmoja alinitemea mate miguuni. "Wengine wanakula na mashetani," alisema, akitazama mti. Mume wake askari walikuwa wamempeleka kwa salongo mwezi ule ule. Nilimjibu, "Na weye nenda vua," nikajitwika maji yangu. Nilikuwa na mdomo, sikatai. Lakini mwenye kunikera zaidi ni yule ambaye hakunitemea mate: Mama Neema. Yeye hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka Kashebere, upande wa Walikale, ambako yeye na mume wake walikuwa na duka la chumvi na sabuni kando ya barabara mpaka risasi zikawafukuza. Walipanda huku juu na mtoto mchanga, Neema huyu huyu, wakajenga kibanda cha majani nyuma ya nyumba yetu. Juma la tatu tu, Papa Neema akakamatwa kwa salongo akiwa anatafuta kuni. Mama Neema alilia siku mbili, siku ya tatu akaja jikoni kwetu kuomba moto, na tangu hapo tukawa tunapika pamoja, kwa maana kuni zilikuwa haba. Alipika mboga ya lengalenga vizuri kuliko mimi. Alinitazama nikipanga samaki wa komanda kwenye jani, na hakusema kitu. Mimi kimya kile nilikisoma kama chuki. Nilisema moyoni: huyu anangoja zamu yetu.

Kiangazi kilipoanza, Bauma akashikwa na homa. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Asubuhi ya kwanza nilivaa koti lake, nikafunika kichwa kofia yake ya sufu, nikachukua fimbo. Niseme kweli: katika mwaka ule mzima, furaha niliyopata ni ile tu. Baridi ilikuwa inakata masikio, ukungu umelala kwenye malisho yasiyo na ng'ombe. Nyoya langu likashuka, likazunguka jiwe, na maji yakafunguka kidogo tu, pa! Mkono mzima ukapata uhai. Nilivuta samaki yule majanini, nikambamiza kichwa kwenye jiwe, nikacheka peke yangu. Nilirudi na watatu. Papa Zakari alinipokea kwenye mlango wa jiko, akatazama vidole vyangu, akatazama koti. "Bauma amekuwa mufupi leo," alisema, akachukua samaki akafunga mlango. Siku nne nilivua hivyo. Bauma alikuwa ananiuliza akiwa amelala, sauti haitoki: "Iliuma wapi? Maji iko namna gani?" Nikimweleza alifumba macho akiona.

Siku ya tano ilikuwa Ijumaa. Nilipofika jikoni, komanda mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi anakunywa uji, na mimi sikuwa na pa kujificha. Alinivua kofia kwa fimbo yake. Nilidhani nimekwisha. Hakukasirika, alicheka. "Kumbe njo wewe. Na kaka?" Nikamwambia anaumwa. Akasema, "Siku ya Mungu niko na wageni. Wakubwa. Nataka samaki makumi tatu." Papa Zakari akaacha kukoroga. Nilisema, "Komanda, kwa ndoano haiwezekani. Siku nzima muntu anaweza pata sita, na iko bahati." Akanywa uji wake mpaka mwisho, akafuta midomo. "Basi siku ya kwanza, wageni wakisha kwenda, kaka yako atabeba mizigo. Homa itamutokea njiani." Alisema bila ukali wowote. Nilitoka pale, njiani nikavua viatu kwa sababu sikuwa nahisi miguu.

Makumi tatu! Nilizunguka nyumba siku nzima. Ndipo nikakumbuka nilichowahi kumsikia Mama Neema akisimulia jikoni: kwamba kwao Kashebere, kiangazi kikifika, wanawake huenda mtoni pamoja, wanaponda majani fulani, wanayamwaga majini, na samaki wanalewa, wanaelea, wanawaokota kwa vitunga huku wakiimba. Wale wasiookotwa huzinduka kesho yake wakaogelea. Mti wenyewe ulikuwepo hata kwetu. Tulikuwa tunaupanda kando ya shamba ili kufukuza fuko, bila kujua una kazi nyingine. Mama Neema alikuwa nao mstari mzima nyuma ya kibanda chake. Nilimkuta ananyonyesha. Nilimwambia yote, komanda, wageni, mizigo. Alimfunga mtoto mgongoni, akavuna majani, akaponda mpaka mikono ikawa ya kijani, akajaza kitunga. Kisha akanishika kifundo cha mkono, na maneno haya naweza kuyarudia hata usingizini.

"Sikia, Sifa. Usimwange majani kule juu. Mwanga chini ya maporomoko, mu kile kidimbwi kimoja, na mwanga nusu. Nusu tu. Hizi samaki za muzungu sizijue. Za kwetu zinalewa na zinaamka. Hizi ngozi yao iko laini, naona zitakufa zote. Na maji ya huku iko ya baridi, dawa haitatoka mbio. Ukimwanga juu, mto yote itakwenda."

Mnasikia? Aliniambia. Na mimi, nikiwa nimebeba kitunga kichwani, nikipanda kwenye ukungu wa Jumamosi asubuhi, nilifikiri nini? Nilifikiri: ananinyima. Chini ya maporomoko kuna samaki kumi, kumi na mbili, wa kuhesabu kwa mikono, si thelathini. Mume wake alienda, sasa anataka kaka yangu naye aende, ndiyo maana ananipa nusu nusu. Mwaka ule tulikuwa tunasikilizana hivyo. Mtu akikuambia njia hii ni nzuri, ulipita ile nyingine, na wengi walipona kwa kutokuaminiana. Nilipita kando ya maporomoko sikusimama. Nilipanda mpaka kidimbwi cha juu kabisa, pale maji yanapotoka msituni, ambapo Bauma hakuwahi hata mara moja kutupa ndoano, kwa kuwa ndipo samaki wanapotagia. Nikamwaga kitunga chote. Nikakikung'uta.

Maji yakageuka ya kijani, yakafanya povu kama ya kufulia. Haukupita muda wakaanza kuja juu, midomo wazi, wakigeuka ubavu. Niliokota nikicheka, wallahi nilikuwa nacheka, kumi, ishirini, thelathini, thelathini na wanne. Kisha nikaona wadogo, wa urefu wa kidole, kisha wadogo kuliko hao, weupe tumbo, wamejaa kwenye kona kama maganda ya mpunga. Nikakimbia kuteremka na maji. Kidimbwi cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu, hivyo hivyo. Wakubwa walikuwa wamezama chini kwenye mawe, nawaona madoadoa yao, hawaelei wala hawaamki. Niliingia majini nikawashika, nikawatikisa mmoja baada ya mwingine nikiwaita waamke, mtu mzima mimi. Kuanzia msituni mpaka chini ya maporomoko na kupita, hakuna kilichobaki na pumzi.

Siku ya Mungu wageni walikula. Jumatatu asubuhi komanda alitaka wawili wake. Jumanne alitaka wawili wake. Jumatano askari wakaja na kamba. Bauma alikuwa ameanza kupata nguvu ya kukaa. Walimtoa kitandani, wakamfunga mikono, wakatusimamisha wote mbele ya kibanda cha Mama Neema, kwa sababu walikuwa wameuona mto na mtu alikuwa amewaambia harufu ile ni ya majani gani. Komanda alikuja mwenyewe. "Nani aliua mto wangu?" alisema. Mto wake! Bauma alinigeukia. Macho yake yalikuwa ya njano kwa homa. "Sifa," aliniuliza polepole, "nani alimwanga majani kule juu?"

Nikasema, "Majani ni ya Mama Neema."

Hakuna neno la uongo hapo. Mnaweza kulipima. Bauma, kaka yangu mpole ambaye sijawahi kumsikia akitukana hata mbwa, alimtazama yule mama na kusema mbele ya watu wote, "Mama, umeniua. Nilikukosea nini?" Mama Neema alinitazama. Hakutazama askari, hakutazama komanda, alinitazama mimi, muda mrefu wa kutosha mtu kusema sentensi mbili. Alikuwa na mtoto mgongoni. Akainamisha kichwa. Walimpokonya mtoto wakaniwekea mimi mikononi nimshike, kisha wakampiga viboko mpaka fimbo ya kwanza ikavunjika, wakachoma kibanda. Bauma walimpakia gunia la mchele hapo hapo. Nilimwona akishika njia ya Walikale, akipinda kwa uzito, na hakugeuka. Watu waliorudi kutoka kule walisema hakufika hata Kashebere.

Niliishi na hilo, na nikalijengea nyumba. Kila aliyeniuliza nilimjibu: ni majani ya Mama Neema. Miaka ikapita, vita vikatushusha sote Goma, na kila nilipoenda sokoni nilimkuta yule mwanamke kwenye meza yake ya chumvi. Nilimchukia. Sisemi nilimwogopa au nilimwonea haya. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Mtu akikutukana utamsamehe, lakini mtu aliyekubebea dhambi yako, akaibeba mgongoni na alama zake, huyo utamwangaliaje? Mara moja tu nilimfuata, nikamuuliza kwa hasira kama vile ni yeye aliyenikosea: "Kwa nini haukusema siku ile?" Alikuwa anapima chumvi kwa kikombe. Hakuacha kupima. "Walikuwa wamekwisha kumufunga kaka yako," alisema. "Ningesema, na weye wangekufunga. Wawili siku moja, juu ya samaki?" Akanifungia chumvi ambayo sikuomba. Nilisikia pia, hapo hapo Goma, kwamba familia moja ya Nyamitaba ilikataa kijana wao amwoe Neema, wakisema hawachukui mtoto wa mwuaji. Nilikuwa nawajua watu hao. Ningeweza kwenda kwao kwa miguu, ni nusu saa. Sikwenda.

Siku ya kumaliza kilio nilirudi, nikaketi mbele. Katekista alisali, kwaya ikaimba, kisha akauliza nani ana neno juu ya marehemu. Watu wa Kashebere walisema yao mazuri. Watu wa Nyamitaba walitazama miguu yao. Neema hakunitazama, nilikuwa nimemwambia koo linaniuma, naye aliniamini. Basi nikasimama. Nikasema, "Majani yalikuwa ya Mama Neema. Mkono uliomwaga ni huu wangu. Aliniambia nimwage nusu, chini ya maporomoko, mimi nikamwaga yote juu. Kaka yangu Bauma nilimwua mimi, na Mama Neema akapigwa kwa ajili yangu, akanyamaza." Nilisema kwa sauti ndogo, macho yakiwa kwenye viatu vyangu, kisha nikaketi upesi, na nadhani nilishaanza kujisikia mwepesi, mwanamke mpumbavu mimi.

Neema alikuja mpaka mbele ya kiti changu. Safari hii hakuinama. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Simama tena," aliniambia. "Batu ba kule nyuma hawakusikia."

Nikasimama.